Ukungu wa Akili Baada ya Dawa za Saratani: Tusiuite Wazimu



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wagonjwa wengi hulificha, na ambalo sisi tulio wazima mara nyingi hulielewa vibaya. Jambo lenyewe ni kusahau, kuchanganyikiwa na kuwa mzito wa kufikiri kunakompata mgonjwa wa saratani wakati anapotibiwa kwa dawa kali za kudungwa mshipani, yaani tibakemia, na hata baada ya matibabu hayo kwisha. Wagonjwa wenyewe husema, "kichwani mna ukungu". Nasi tutaliita hivyo hivyo.

Tuanze na kisa. Hatutamtaja mhusika kwa jina, maana ni mama wa watu na yungali hai, ashukuriwe Mungu.

Mama huyu alikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Alikuwa akiuza khanga Darajani, na hesabu zake hazikuwahi kukosewa hata senti. Alipogunduliwa kuwa na saratani ya titi alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza dawa. Kila baada ya wiki 3 alipanda boti pale bandarini Malindi, akavuka kwenda Dar es Salaam, akatiwa dripu, akarudi akiwa hoi. Tulimwombea, tulimpelekea uji na matunda, tukampa pole. Hadi hapo tulikuwa ndugu wema.

Baada ya dripu ya tatu, michango ya Jumapili mbili haikuonekana. Alipoulizwa alisema hakumbuki kama aliipokea. Daftari halikuwa na maandishi yoyote. Watu walianza kunong'ona kwamba amezitumia fedha kwa nauli ya boti. Wengine walisema ugonjwa umemfanya mjanja. Tunaona haya kusema kwamba nasi tulikuwamo katika minong'ono hiyo, au tuliisikia tukanyamaza, jambo ambalo ni lile lile.

Wiki chache baadaye alitoka Sokomuhogo kwenda kanisani Minara Miwili, njia aliyoipita tangu utotoni, akapotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe alimozaliwa. Aliketi barazani pa watu akilia. Kijana mmoja, mtoto wa majirani Waislamu, alimtambua, akamshika mkono akamrudisha nyumbani. Siku ile mama alimwambia binti yake maneno ambayo yalitufikia baadaye: "Sirudi tena kutiwa dawa. Afadhali nife na akili zangu kuliko kuishi mwehu na mwizi."

Alikuwa amebakiza dripu 3. Alikosa moja. Ni muuguzi mmoja wa parokia aliyekwenda kuketi naye na kumwambia: "Mama, wewe huna wazimu. Ni dawa na ugonjwa vinavyofanya hivyo. Wenzako wengi yamewapata." Hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo kabla ya siku ile. Alirudi kwenye matibabu akamaliza. Fedha za michango zilionekana zimefungwa katika upande wa khanga, chini kabisa ya sanduku lake, zote kamili.

Kwa ajili ya kisa hicho ndiyo maana tunaandika.

Ni jambo la kweli, limepimwa

Kwa miaka mingi wagonjwa waliolalamika kwamba wanasahau waliambiwa ni mawazo, ni woga wa kifo, au ni uzee. Lakini mwaka 1980 huko Marekani daktari Peter Silberfarb na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa wanaopata tibakemia walikuwa na upungufu wa kufikiri na kukumbuka ambao haukuweza kuelezwa kwa huzuni peke yake. Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Michelle Janelsins wa Chuo Kikuu cha Rochester walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 581 wenye saratani ya titi na kuwalinganisha na wanawake 364 wasio na saratani. Miezi 6 baada ya kumaliza dawa, karibu wanawake 37 katika kila 100 waliotibiwa walikuwa bado wanaona akili zao zimepungua sana kuliko kabla ya matibabu. Kwa wale wasio na saratani walikuwa karibu 14 katika kila 100. Kumbe kila mtu husahau, lakini waliotibiwa husahau zaidi.

Huko Uholanzi, mwaka 2012, walichunguzwa wanawake 196 waliotibiwa saratani ya titi kwa dawa za zamani, wastani wa miaka 21 nyuma. Hata baada ya muda wote huo, wanawake hao walikuwa nyuma kidogo ya wenzao katika kukumbuka maneno na katika wepesi wa kufikiri. Tunasema nyuma kidogo, maana tofauti hiyo ilikuwa ndogo. 

Basi tuseme wazi mambo mawili. Kwanza, si kila anayetibiwa hupatwa na ukungu huu. Pili, kwa wengi wanaopatwa, hupungua polepole katika miezi ya baada ya matibabu, ingawa kwa wengine huchukua mwaka au zaidi, na wachache hubaki nao kwa muda mrefu.

Unaonekanaje?

Mgonjwa huanza sentensi akashindwa kuimaliza, kwa kuwa neno analolitaka limemkimbia. Huingia jikoni akasahau alichokifuata. Huweka chungu kwenye seredani, akaitwa mlangoni, akakumbuka pale anaposikia harufu ya kuungua. Husoma ukurasa mmoja mara tatu. Watu wawili wakizungumza naye kwa pamoja hachukui la huyu wala la yule. Huhesabu chenji ya daladala akachanganyikiwa. Katika kusali Rozari hupoteza hesabu asijue yuko kumi la ngapi. Akifanya kazi ndogo ya kichwa, huchoka kama aliyelima kutwa.

Angalieni kwamba mtu huyu huwajua watoto wake, hujua yuko wapi na ni siku gani, na hujua kwamba anasahau. Hilo ndilo linalomtesa. Kwa nje huonekana mzima, hasa nywele zikiisha kuota tena. Watu humtazama wakasema amepona, kwa nini anajidekeza? Mguu uliovunjika huonekana kwa macho, lakini ukungu wa akili hauonekani.

Unatoka wapi?

Wataalamu hawajamaliza kuuchunguza, lakini mengi yamekwisha kufahamika. Dawa hizi hutengenezwa ili ziue chembechembe zinazoongezeka haraka, kama zilivyo za saratani. Ndiyo sababu huangusha nywele na kuumiza kinywa na tumbo, kwani huko nako chembechembe huongezeka haraka. Ubongo una kinga yake inayozuia dawa nyingi zisiingie kutoka kwenye damu, lakini baadhi hupenya.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo daktari Michelle Monje, walionyesha kwa kutumia panya kwamba dawa mojawapo, methotrexate, huziamsha chembechembe zinazolinda ubongo zikabaki na hasira kwa muda mrefu baada ya dawa kwisha. Hapo huvuruga chembechembe nyingine zinazotengeneza utando wa kufunika nyuzi za fahamu, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Utando ukilegea, habari hupita polepole. Huo ulikuwa uchunguzi kwa panya, lakini unatusaidia kuelewa kwa nini mtu hubaki mzito hata miezi mingi baada ya dripu ya mwisho.

Dawa haziko peke yake. Saratani yenyewe yaweza kugusa utendaji wa ubongo, na tafiti zimeona wagonjwa ambao walikuwa na upungufu huu hata kabla ya kutiwa dawa yoyote. Upungufu wa damu huleta uzito wa kichwa. Dawa ya deksamethasoni, ambayo hutolewa ili kuzuia kutapika, huwanyima wengi usingizi. Kwa akina mama, matibabu yaweza kukatisha hedhi mapema na kupunguza homoni, nayo hali hiyo huleta joto la mwili, usiku usio na usingizi na kusahau. Vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo wengine huendelea kumeza kwa miaka 5 au zaidi, navyo vyaweza kuchangia. Juu ya yote hayo kuna mawazo: ada za shule, nauli za kwenda na kurudi, na hofu ya usiku.

Kati ya hayo yote, ndugu wasomaji, hamna pepo, wala laana ya ukoo, wala upungufu wa imani.

Mambo ya kuangalia kwanza

Hata hivyo, tusiseme kila kusahau ni dawa tu, tukaketi. Mgonjwa na amweleze daktari wake, ili apimwe mambo yanayotibika: damu imepungua kiasi gani, kama kuna malaria au maambukizo mengine, sukari, chumvi za mwilini, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, na kama kuna huzuni kubwa inayohitaji tiba yake. Aonyeshe dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba. Hatuwatukani waganga wetu, lakini dawa mbili zisizojuana zikikutana katika ini moja, mwenye kuumia ni mgonjwa.

Zipo dalili ambazo hazingojei siku ya miadi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akichanganyikiwa ghafla asijue alipo au asitambue watu wake, akipata degedege, akilegea upande mmoja wa mwili au kupinda mdomo, akiumwa kichwa kikali kisicho cha kawaida, au akilala usingizi mzito usioamshika. Na homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliye katika tibakemia ni jambo la haraka hata kama kichwa chake ni kizima, kwa sababu kinga yake ya mwili imeshuka. Usimpe kidonge cha homa ukangoja asubuhi.

Je, tumwambie au tumfiche?

Hapa ndipo penye maoni yetu, na tunajua wapo wasiokubaliana nasi. Wengi husema: mgonjwa ana hofu ya kutosha, kwa nini kumwongezea? Ukimwambia dawa itamsahaulisha, ataikataa. Wengine hata huwaficha wagonjwa jina la ugonjwa wao.

Hoja hiyo ina uzito wake. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2009 jambo la kuangalia sana: wagonjwa waliokumbushwa habari za dawa kuathiri akili walilalamika zaidi juu ya kusahau kuliko wale ambao hawakukumbushwa. Kumbe maneno nayo hufanya kazi mwilini. Mtu akiambiwa tu, "utasahau", atahesabu kila anaposahau.

Lakini tukumbuke yule mama wa jumuiya yetu. Yeye hakuambiwa kitu, na kule kutoambiwa hakukumwokoa. Alipopatwa, alijitafutia maelezo mwenyewe, na maelezo aliyoyapata ni kwamba anaingia wazimu. Kidogo tu aache matibabu yaliyokuwa yakimwokoa. Mwenye kunyamaza hamkingi mgonjwa na hofu, ila humwacha nayo peke yake.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mgonjwa aambiwe, tena mapema, lakini aambiwe vizuri. Asitishwe. Aambiwe kwa maneno kama haya: "Baadhi ya watu husahau na kuwa wazito kidogo katika matibabu haya. Si wazimu. Mara nyingi hupungua baadaye. Likikutokea utuambie, maana yapo mambo ya kufanya." Sentensi hizo hazichukui hata dakika moja. Wauguzi wetu wanaelemewa, hilo tunalijua. Wagonjwa wa Unguja wanaovuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road huwa na haraka ya kuwahi boti ya kurudi, na Mnazi Mmoja nako foleni ni ndefu. Lakini dakika hiyo moja yaweza kumbakisha mtu katika matibabu. Na kama hospitali haikusema, basi tuseme sisi: aliyewahi kutibiwa amwambie anayeanza.

Mgonjwa mwenyewe afanye nini?

Haya tunayoyataja hayahitaji fedha nyingi.

1. Daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali. Liwe daftari moja tu dogo, lisilobadilishwa, linalokaa katika mkoba. Humo ziandikwe siku za kliniki, majina ya dawa, maswali ya kumwuliza daktari, na fedha zilizopokelewa, pale pale zinapopokelewa.

2. Kila kitu na mahali pake. Ufunguo kwenye msumari ule ule, miwani juu ya meza ile ile, kadi ya hospitali na tiketi ya boti katika bahasha moja.

3. Jambo moja kwa wakati mmoja. Ukipika, pika, usiondoke penye moto. Redio izimwe wakati wa mazungumzo ya maana. Anayetaka kuongea nawe asubiri umalize ulilo nalo.

4. Dawa za kumeza. Zipangwe kwa siku katika vikasha au vibahasha vilivyoandikwa asubuhi na jioni. Simu ya mkononi yaweza kuwekwa kengele. Mtu wa pili nyumbani ahakikishe. Kosa katika jambo hili ni la hatari kuliko chungu kilichoungua.

5. Kazi za kichwa zifanywe saa ambazo mwili una nguvu. Kwa wengi ni asubuhi. Mchana upumzike, lakini usilale hadi magharibi ukakosa usingizi wa usiku.

6. Tembea. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa, mazoezi ya mwili ni mojawapo ya yale yanayoonekana kusaidia. Hatusemi kukimbia. Jua likipoa, tembea hadi Forodhani ukarudi, au shambani uzunguke mashamba ya jirani, kadiri daktari anavyoruhusu. Anza na dakika 10, ongeza kidogo kidogo.

7. Fanyisha akili mazoezi pia. Huko Australia, mwaka 2017, yalitolewa matokeo ya watu 242 waliomaliza matibabu ambao walikuwa wakilalamika kusahau. Waliofanya mazoezi maalumu ya akili kwa wiki 15 walijiona wana nafuu kuliko wenzao. Sisi tunayo mazoezi yetu: bao, karata, mafumbo, kusoma kwa sauti na kusimulia ulichosoma, kuhesabu biashara ya siku bila mashine kisha kuhakikisha kwa mashine.

8. Usiendeshe pikipiki wala gari wakati kichwa ni kizito, na usitie saini karatasi za kiwanja, mkopo au upatu bila mtu unayemwamini kuzisoma pamoja nawe.

Familia na jumuiya

Kwa familia tunasema: mwende pamoja kliniki. Mgonjwa wa saratani asivuke bahari peke yake kama kuna namna. Atakayesindikiza asikilize na kuandika, maana daktari akisema mambo matano, mgonjwa atarudi na mawili.

Tuache pia maneno yanayochoma. "Nimekwambia mara ngapi?" "Umeanza tena?" "Hebu kumbuka basi!" Mwenye ukungu hakumbuki zaidi kwa kukaripiwa, hukumbuka kidogo zaidi kwa kuwa amepata hofu. Anapotafuta neno, mpe nafasi. Asipolipata, mpe neno lenyewe kwa upole, mwendelee. Na watoto waelezwe. Mtoto ambaye mama amesahau siku yake ya kufunga shule aweza kudhani mama hampendi tena. Aambiwe kwamba dawa inamchosha mama kichwa, na kwamba yeye aweza kumsaidia kukumbuka.

Akina baba, kwenu tuna neno la pekee. Tumesikia ya waume waliosema, "mke niliyeoa si huyu," wakaanza kulala kwingine. Kiapo cha siku ya ndoa kilitaja afya na magonjwa. Ukungu huu ni sehemu ya magonjwa hayo.

Kwa jumuiya zetu tunasema: mwenye kazi kanisani akiugua, tusimnyang'anye kazi kwa fedheha, wala tusimwachie mzigo wote kwa heshima ya uongo. Apewe mwenzake. Fedha zihesabiwe na watu wawili na kuandikwa hapo hapo, jambo ambalo hata bila ugonjwa ni utaratibu mwema. Msomaji wa masomo aliyepoteza mstari asichekwe. Mwenzake asimame kando na kidole juu ya kitabu. Mwanakwaya aliyesahau maneno aimbe na karatasi mkononi.

Wapo kati yetu wanaokimbilia kusema mgonjwa ana pepo, wakampeleka kukemewa kwa kelele usiku kucha. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu, na Mpako Mtakatifu upo kwa ajili ya wagonjwa. Lakini mtu ambaye dawa imemchosha ubongo, ukimnyima usingizi na chakula kwa jina la maombi, umemwongezea ugonjwa. Aombewe kwa utulivu, kisha aachwe alale.

Tumesema pia juu ya yule kijana aliyemshika mama mkono kichochoroni. Visiwani hapa tunaishi mlango kwa mlango na ndugu zetu Waislamu, na saratani haiulizi dini. Waelezeni majirani. Kichochoro chenye watu wanaojua hali ya mgonjwa ni salama kuliko nyumba iliyofungwa kwa kuona haya. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Matibabu yakiisha

Siku ya dripu ya mwisho watu hufanya sherehe, na ni haki yao. Lakini kesho yake mgonjwa hurudishiwa kila kitu kwa mara moja: duka, watoto, wageni, vikao. Kisha watu hushangaa kwamba hawezi. Mwili umetoka vitani, nao unahitaji miezi. Mwajiri na atoe saa chache kwanza, kisha aongeze. Nyumbani kazi zirudi moja moja. Na ikiwa mwaka umepita bila nafuu, au hali inazidi kuwa mbaya badala ya kupungua, arudi kwa daktari, maana huenda kuna sababu nyingine.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama yule amerudi Darajani na khanga zake. Anasema hesabu za kichwani hazijawa kama zamani, kwa hiyo huandika kila kitu, na wateja wake wamezoea kusubiri anapoandika. Katika jumuiya ni mweka hazina tena, safari hii pamoja na msaidizi.

Tulikwenda kumwomba radhi. Tulichelewa, lakini tulikwenda. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, kisha akatuambia kwamba siku zile hakuumizwa sana na kusahau. Alichoumia zaidi ni kuona tunavyomtazama. Tunaomba familia za parokia zetu zilichukue neno hilo nyumbani. Yupo jirani yako anayetibiwa leo. Mtazame vizuri.